Vijiko vya Sangara wa Kipupwe

Juni ikiingia, mikono yangu huanza kutafuta tupa. Kazi niliiacha zamani, vidole vya mkono wa kulia vilipogoma kukunjika, lakini ule upepo mkavu wa asubuhi ukivuma kutoka ziwani najikuta nimesimama katikati ya nyumba bila kukumbuka nimefuata nini. Watoto wa mdogo wangu wananijua. Wanaambiana, "Mama mkubwa ameanza tena," kisha wananipisha nipite.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi za mikono bila mwalimu: wewe unayeziba pancha, wewe unayeshona viatu, wewe unayejifunza kuchomelea kwa kutazama simu. Mimi pia sikufundishwa na mtu. Nilitengeneza vijiko vya kuvulia sangara kwenye mwalo mmoja, pale mitumbwi inaposhusha samaki, upande wa Busega, mbele kidogo ya Kiloleli, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mtu akawa ama ananunua ama anauza. Siku hizo hatukuitwa Simiyu. Tulikuwa watu wa ziwani tu, na wale wa Maswa na Bariadi walikuwa watu wa pamba.

Kwa asiyejua: kijiko ni chambo cha uongo. Unachukua kijiko cha kulia chakula, unakata mpini, unatoboa tundu mbele na nyuma. Nyuma unatia ndoano, mbele unafunga mshipi. Mtumbwi wa tanga unakwenda taratibu mchana, mshipi unaburutwa nyuma, na kijiko kinacheza majini kama samaki mdogo. Sangara anakiona, anakifuata, anakimeza. Ni uvuvi wa watu wenye subira. Mimi sina subira, ndiyo maana nilibaki nchi kavu.

Hapana, hapo najipamba. Nilibaki nchi kavu kwa sababu mwanamke hakupanda mtumbwi wenye mishipi. Kama abiria ningepanda na magunia yangu nikavuka ghuba, hakuna ambaye angesema neno. Ila mshipi mmoja ukiwa ndani, hata umekunjwa, mwanamke anashuka. Kwa hiyo kwa miaka yote niliyofanya kazi hii sikuwahi kuona kijiko changu hata kimoja kikicheza nyuma ya mtumbwi. Fikirieni fundi cherehani ambaye hajawahi kuona mtu amevaa gauni lake. Huyo ndiye mimi.

Nilifikaje huko? Baba alikuwa mpimaji wa pamba kwenye ghala la ushirika, Binza, na nyumbani tulikuwa na zizi la ng'ombe. Walipokuja wanunuzi binafsi, ghala likafungwa. Msimu wa kwanza wanunuzi walikuwa wengi hadi wakagombania magunia barabarani. Msimu uliofuata hakuja hata mmoja, na pamba ikalala chumbani kwetu mpaka panya wakazalia humo. Nilikuwa binti mkubwa nisiye na shule wala mume, na mezani nilihisi kila tonge langu linatazamwa. Nikaja ziwani kwa mama mdogo, ambaye alikuwa akikaanga samaki pale mwaloni.

Siku moja niliokota kijiko kilichovunjika tundu, wavuvi wamekitupa. Nilikigeuza, nikaona ni kitu ninachoweza kukifanya vizuri zaidi. Ugonjwa wangu ndio huo, tangu utoto: nikiona kitu kimepinda silali. Nikachukua kijiko kimoja cha mama mdogo. Kisha kingine. Mgeni alipokuja na kuandaliwa wali, mama mdogo alipekua kapu la vyombo, akanitazama, akamwambia mgeni, "Nawa mikono, shemeji. Nyumba hii watu tunakula kwa vidole. Wanaokula kwa vijiko ni sangara."

Nilifanikiwa haraka kuliko nilivyostahili. Ilikuwa miezi ya joto, na miezi ya joto hata kifuniko cha soda kitakamata samaki. Masanja, tajiri mmoja (matajiri ndivyo tulivyowaita wenye mitumbwi), alichukua vijiko vyangu kwa mtumbwi wake na kusema atachukua vyote nitakavyotengeneza. Magari ya barafu yalikuwa yanakuja hadi mwaloni kubeba samaki kwa ajili ya viwanda vya minofu, na wale mawakala walipenda samaki wa mshipi, kwa sababu anafika akiwa bado mgumu, hajalala wavuni akalegea. Nikajenga kibanda changu cha nyasi. Nikajiona fundi.

Kisha ikaja baridi.

Wavuvi wetu walisema kipupwe kinamshusha sangara chini na kumtia uvivu. Hakimbizi kitu. Anakaa kwenye maji mazito akingoja riziki ipite mdomoni. Hapo ndipo chambo kinapimwa. Niliambiwa hayo, nikaanza kuhangaika kabla hata jambo halijaharibika. Nilienda hadi soko la Bariadi kutafuta vijiko vya chuma vya zamani, vile vizito, kwa sababu cha alumini ni chepesi, kinaelea juu juu. Shikeni hilo: cha alumini ni cha joto, cha chuma ni cha baridi. Na ndoano usiijaribu kwa kidole, utajidanganya. Iburute juu ya ukucha wa gumba. Ikiteleza ni butu, ikishika iache. Kung'arisha, tumia majivu na kipande cha ndimu, ila mgongo wa kijiko uache na weusi wake, maana samaki mzima hang'ai pande zote.

Hayo niliyajua. Nisichojua ni kitu kinachotokea baada ya mshipi kushuka.

Mtu pekee wa kuniambia alikuwa Maduhu, baharia aliyeshika mshipi kwenye mtumbwi wa Masanja. Mtu mrefu, mpole, mwenye maneno machache kama mtu anayeyanunua. Kila mtumbwi ulipotia nanga nilikuwa nimeshasimama majini hadi magotini, tunaamkiana Kisukuma, yeye ananiita mayu, yaani mama.

"Mwangaluka, Maduhu."

"Mwangaluka, mayu."

"Kijiko kimekwendaje?"

"Kimecheza."

"Kimechezaje? Kimelalia kulia au kushoto? Kinazunguka au kinayumba?"

Alikunja mshipi wote kwenye kiwiko.

"Kimecheza," akasema.

Nilikuwa nikirudi kibandani na hasira zangu. Mnaweza kucheka, lakini jaribuni kutengeneza kitu ambacho habari yake yote ni neno moja. Nikaamua kujionea mwenyewe. Asubuhi nilifunga kijiko kwenye kamba, nikatembea kando ya maji nikikiburuta kwenye kina kifupi, nimejiinamia, nakitazama. Pale ndipo ng'ombe waliponyweshwa. Wachungaji waliegemea fimbo zao wakanitazama nikienda na kurudi.

"Mayu, unatafuta nini?"

"Nafanya kazi."

"Anachunga kijiko," mmoja akawaambia wenzake. "Amekitoa malishoni."

"Angalia kisiingie shamba la watu," akasema mwingine.

Jina likanibaki, Mchunga Kijiko. Sikujali, au niseme nilijali sana lakini niliendelea. Tatizo ni kwamba kwenye maji mafupi kijiko kinagonga mchanga, na mwendo wa miguu yangu si mwendo wa tanga. Niliyoyaona pale hayakunisaidia kitu.

Ila wale ng'ombe walinipa wazo. Maduhu alikuwa mtoto wa mifugo kama mimi. Kwetu mtoto anajua ng'ombe kwa mwendo kabla hajajua kuhesabu. Akiwa amelala ndani anasikia zizi linafunguliwa na kusema nani ametoka. Nikamfuata siku aliyokuwa akishona tanga, nikamuuliza, "Maduhu, kile kijiko kingekuwa ng'ombe, kingekuwa ng'ombe gani?"

Aliacha kushona. Kwa mara ya kwanza aliniangalia usoni.

"Kile kirefu?" akasema. "Kile ni nzagamba, dume la zizi. Kinaburuta bega, kinataka kupigana na mshipi. Mkono unauma."

"Na kile kipana?"

"Mbogoma aliyetoka kuzaa. Anakwenda, anasimama, anageuka kutazama ndama."

"Na kile cha mwisho, chenye weusi?"

"Ah, kile." Akatabasamu. "Kile kinachechemea. Mguu wa nyuma."

Nilimshukuru nikaondoka mbio. Siwezi kuwaeleza furaha yangu. Nilikuwa nimepata macho. Kuanzia siku hiyo Maduhu hakunyamaza tena. Kila mtumbwi uliporudi alinitajia ng'ombe wake. Huyu ameshiba, anajivuta. Huyu ndama, anarukaruka ovyo. Huyu anachechemea. Huyu naye anachechemea, ila kidogo.

Na mimi kila kilichochechemea nilikirudisha kibandani. Nilikitundika kwenye uzi nikatazama kimeinamia wapi, nikapiga tupa upande ule, nikatundika tena. Nilikisugua mpaka kikasimama sawasawa kama mizani ya baba. Nikaona haya hata kumtazama Maduhu kwa kumpa kitu kilema siku iliyotangulia. Nikimkabidhi nilimwambia, "Nimekiponya." Alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akasema asante.

Samaki wakapungua. Kila nilivyozidi kutengeneza, ndivyo walivyozidi kupungua.

Nililaumu baridi. Nililaumu ndoano, risasi ya kuzamishia, mafundo ya Maduhu. Sikula vizuri. Mama mdogo alikuwa akiniletea uji na kuukuta umeganda palepale alipouweka. "Chuma hakina haraka," aliniambia. "Kinakungoja. Kula." Lakini nilikuwa na hofu moja tu, nayo ilikuwa na sura: njia ya kurudi Binza, ile pamba yenye panya, na mimi tena mezani nikitazamwa.

Wakati huohuo duka la mwaloni likaleta vyambo vipya. Hivi vilitoka nje ya nchi kupitia mpakani, biashara ikiwa sasa haizuiwi. Vilikuwa vya plastiki, vimechongwa kama samaki kamili, na magamba yaliyochorwa na jicho jekundu na mdomo wa bati safi kabisa. Nilikwenda dukani nikakishika kimoja. Hakikuwa na kosa. Nilikigeuza nikitafuta kosa kwa muda mrefu hadi muuza duka akauliza kama nimekuja kununua au kusali.

Masanja alikuja kibandani kwangu siku hiyohiyo. Hakuwa mtu mbaya. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Binti, nimenunua vile vya dukani."

"Nimeviona."

"Mtumbwi wangu unarudi mtupu, na barafu ya wakala haijaguswa. Ananiambia akirudi bure tena atahamia mwalo mwingine, na wote hapa tutakula hewa. Kesho tunatoka na mishipi miwili. Kulia cha dukani, kushoto chako. Kitakacholeta samaki ndicho nitakachobaki nacho."

Nikasema sawa. Nilichagua kijiko kilichonyooka kuliko vyote, kile ambacho Maduhu alisema hakina mwendo wowote wa kusemea, "kinakwenda tu, kama ng'ombe wa watu wengine." Nilidhani ananisifu.

Alfajiri nilimpelekea. Alikipokea, akakitia kwenye kopo. Kisha nikamwona anatoa kingine mfukoni mwa shati, cheusi, kimepinda kwenye ncha, na kuanza kukifunga mshipini.

"Hicho nini?"

"Cha zamani."

Nilikitambua. Kilikuwa kile chenye weusi, cha mguu wa nyuma. Nilikuwa nimekitafuta kibandani kote nikitaka kukirekebisha.

"Nipe," nikasema. "Hicho kibovu. Nipe nikinyooshe, bado upepo haujakolea."

Akakificha nyuma ya mgongo kama mtoto, yule mtu mzima.

"Hapana, mayu. Utakiponya."

"Si ulisema kinachechemea?"

"Ndiyo."

"Sasa?"

Aliangalia kule Masanja alikokuwa akifunga tanga, akashusha sauti ili asiniaibishe.

"Mayu, kwenu fisi alikuwa anachukua ng'ombe yupi?"

Niliwasikia mabaharia wakisukuma mtumbwi, maji yakigonga mbao. Nilisimama pale nikiona zizi la baba. Jioni zote za utoto wangu tulikuwa tukimtafuta yule aliyebaki nyuma, yule wa kwato mbovu, tumfikishe nyumbani kabla fisi hajamfikia. Tulimfunga majani ya dawa, tulimtembeza taratibu. Ng'ombe anayechechemea anaponywa. Hilo hatufundishwi, tunazaliwa nalo. Nami nilikuwa nimekaa kipupwe kizima nikiwaponya samaki wa chuma, mmoja mmoja, mpaka sangara mvivu kule chini akaangalia kundi zima likipita lina afya njema na kuona halifai kukimbizwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona unajivunia," akasema. "Na ni kazi yako. Mimi ni wa mshipi."

Ndivyo tulivyolelewa, wote wawili. Humwambii mtu kwamba ng'ombe aliyemtibu ulimtaka akiwa mgonjwa.

Siku ile sikufanya lolote. Nilikaa kwenye jahazi bovu lililopinduliwa, nikasimama, nikakaa. Mama mdogo alinituma maji ili niondoke machoni pake. Nikarudi na ndoo tupu. Nilikuwa najua kilichokuwa mshipini, na nilijua si kazi yangu nzuri iliyokuwa kule majini bali kazi yangu mbaya, ile ya mwanzo, kabla sijajua kutundika uzi. Nikitaka kushinda, nilipaswa kuomba ile mbaya ishinde. Sijui kama mnaelewa jinsi hilo lilivyo gumu kwa mtu wa aina yangu.

Mtumbwi ulirudi jua likiwa bado juu. Wakala wa barafu alitelemka kwenye gari kabla haujagusa mchanga. Sangara walikuwepo, wakubwa, bado wanapiga mikia, na mabaharia waliwabeba kwa kupitisha kidole kwenye mashavu. Sikuuliza. Maduhu alipita karibu yangu amebeba mmoja begani na kusema bila kusimama, "Kushoto."

Masanja aliwahesabu samaki pale ufukweni. Alikuja kibandani baadaye, ameshika kasha zima la vyambo vya dukani. Akaliweka juu ya mkeka wangu, akalifungua. Vilikuwa vimelala safu safu, na macho yao mekundu, vyote sawa.

"Hivi haviwezi kurudi dukani," akasema. "Na ni vigumu, vitadumu kuliko vijiko. Maduhu ameniambia unajua dawa yake."

"Dawa gani, tajiri?"

"Vitie kilema."

Nilicheka, kisha nikaona hacheki. Nikachukua cha kwanza. Kilikuwa kizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukitengeneza kwa mikono hii au nitakachowahi kukitengeneza. Ule mdomo wa bati ulikuwa sawa kabisa pande zote mbili. Nikaweka tupa pembeni ya mdomo, upande wa kushoto, nikashindwa kusukuma.

"Nenda kanywe chai kwa mama mdogo," nikamwambia. "Siwezi ukinitazama."

Akaenda. Mnaoniuliza kazi hii ilinifundisha nini, nawaambia ni ile nusu ya saa, mimi peke yangu na kitu kisicho na kosa mkononi, nikijilazimisha kukitia kosa. Si kosa lolote. Ukizidisha, kinazunguka na kusokota mshipi wote. Ukipunguza, ni mzima. Kinatakiwa kosa dogo, mahali pamoja, ambalo mwenye njaa ataliona kwenye giza la maji. Nilisugua kidogo. Nikasubiri. Nikasugua kidogo tena, huku moyo unaniuma kama nang'oa kucha za mtoto.

Tangu hapo kazi yangu ikawa hiyo. Mitumbwi ya mialo mingine ilileta vyambo vipya vikiwa bado kwenye makaratasi yake, nami naviharibu. Binza nilirudi kwa matembezi tu, na zawadi. Sijawahi kuacha kuhangaika. Hata sasa nikiona picha imeinama ukutani kwa watu naomba ruhusa niinyooshe.

Lakini kile cha kwanza nilimpa Maduhu kesho yake asubuhi, sikumwambia kitu. Alasiri nilisimama majini tangu mtumbwi ulipoonekana mdogo kama punje mpaka ulipogusa mchanga. Aliruka nje, nyuma yake mabaharia wakipakua sangara, akakunja mshipi wake kwenye kiwiko, taratibu, kama kawaida yake.

"Mwadila, Maduhu. Kimekwendaje?"

Alinitazama kwa huruma nyingi.

"Kinaumwa, mayu," akasema. "Kinaumwa vibaya sana."

Nikakaa chini palepale, ndani ya maji, na nguo zangu.